Klabu Yetu na Mursik ya Mama Chebet

Nyinyi vijana mnaochukua klabu za sayansi siku hizi, kila tukikutana mnaniuliza jambo lilelile: "Madam Rael, tuanze na jaribio gani?" Mnataka ile ya volkeno ya kutoa povu jekundu, ile ya puto kujijaza hewa juu ya chupa, ile ya yai linaloelea kwa maji ya chumvi. Sina ugomvi nazo. Mimi mwenyewe nilitoa povu mpaka sakafu ya ukumbi wa kanisa pale Kimumu ikawa ya waridi, na mlinzi akaninunia mwezi mzima. Lakini povu likiisha, mshike mtoto mmoja umuulize amegundua nini. Atakwambia, "Ilikuwa poa." Basi. Huyo amekuja sinema.

Aliyenitoa kwenye sinema ni Mwalimu Wafula, ambaye aliendesha klabu kabla yangu. Jumamosi yangu ya kwanza alikaa nyuma, kofia magotini, akaniangalia nikifundisha watoto kuwasha balbu ya tochi kwa betri na vipande vya waya. Kundi moja lilikwama. Nikaruka, nikageuza betri, balbu ikawaka, watoto wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu kama mtu aliyeleta stima kijijini. Watoto walipoondoka Wafula akaniuliza, "Wamejifunza nini?"

"Kuwasha balbu."

"Hapana. Wamejifunza kwamba Madam anajua kuwasha balbu. Wiki ijayo weka mikono mfukoni."

Nikamwambia sketi yangu haina mifuko. "Basi shona," akasema. Nikashona aproni yenye mifuko ya kutosha kubeba sukuma wiki ya familia, na kwa miaka yote niliyokaa kwa klabu hiyo ndiyo ilikuwa sare yangu. Msiicheke. Kuzuia mikono ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Mtoto anafunga uzi vibaya, unaona kabisa kikombe kitaanguka, na vidole vinakuwasha ndani ya mfuko. Kiache kianguke, mradi si cha kioo na si cha moto.

Kitu cha pili alichonipa Wafula ni neno moja: "Unajuaje?" Mtoto akisema mmea unapenda jua, unamuuliza, unajuaje? Akisema sumaku haivuti shaba, unajuaje? Mwanzoni wanachoka nawe. Halafu wanalichukua, wanalibeba nyumbani, na hapo ndipo wazazi wanaanza kukutafuta. Baba mmoja alinisimamisha nje ya kanisa akiwa amekasirika kweli. Mtoto wake alikuwa amemuuliza babu yake, mezani, mbele ya wageni, anajuaje kwamba hapo zamani mvua ilikuwa kubwa kuliko ya sasa. Nikamuuliza, babu alijibu nini? "Alifikiri mpaka chai ikapoa," akasema.

Sasa niwaambie juu ya Chebet na Njoroge, kwa sababu ni hao walionifundisha kwamba hilo neno linaweza pia kukata.

Wote wawili walikuwa gredi ya saba. Njoroge alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali, na mara nyingi lilikuwa jibu la swali lingine. Chebet alikuwa wa kunyamaza. Angekaa mpaka wengine wamalize kelele, kisha aseme maneno matatu, na hayo matatu ndiyo tungeshinda nayo asubuhi yote. Walikuwa marafiki kwa sababu mama zao walikuwa marafiki. Mama Njoroge alikuwa na duka, na nyuma ya duka ng'ombe wa maziwa. Mama Chebet alinunua maziwa hayo, akayagandisha mursik kwenye vibuyu, akauza kando ya barabara. Kwa wale ambao hamjaikuta, mursik ni maziwa yetu ya kugandisha: kibuyu kinasuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, na maziwa yakikaa humo siku kadhaa yanatoka mazito, yenye rangi ya kijivu. Mama Njoroge, ambaye watu wake walitoka upande wa kati wa nchi, alikuwa hajawahi kuonja. "Mama Chebet nampenda," angesema, "lakini siwezi kunywa kitu cha rangi ya saruji." Na wote wawili wangecheka.

Jumamosi moja, mvua ndefu ikiwa imeanza na ukumbi umejaa matope ya viatu, Chebet aliingia akapita kiti chake cha kawaida, akaenda kukaa peke yake dirishani. Njoroge hakumwangalia. Nikaendelea na somo kama sijaona. Haikufika mbali.

"Madam," Njoroge akasimama, "Chebet anasema mathe yangu anaweka maji kwa maziwa."

"Mimi sijasema. Mama ndio amesema."

"Si ni kitu moja!"

Ningeweza kusema mambo ya wazazi yaachwe nyumbani, na mwalimu yeyote mwenye akili angesema hivyo. Lakini nilimwona Chebet anavyobana midomo, nikamuuliza mursik imekuwaje.

Akaeleza polepole. Tangu mvua ianze mursik ya mama yake ilikuwa inaharibika. Ilitoka chungu, ilifura mpaka ikasukuma kifuniko, ilinuka kama soksi iliyosahauliwa majini. Wateja walikuwa wanairudisha. Mama yake alikuwa amesema kitu pekee anachonunua nje ni maziwa, kwa hivyo kosa liko kwa maziwa, na mwezi ukiisha atatafuta mtu mwingine. Kwa kanisa mama zao hawakai tena benchi moja.

"Si tupime?" akasema Njoroge. "Tupime tuone nani mwongo."

Fikirini wenyewe: na kama kweli kuna maji? Nitakuwa nimemsaidia kijana kumwaibisha mama yake mbele ya wenzake. Nikawaambia watangoja. Jumatatu nikaenda kwa mama wote wawili, kwa sababu hamwezi kuchunguza maisha ya mtu bila ruhusa yake, hata kama wachunguzi ni watoto na nia yao ni njema. Likamateni hilo kuliko yote nitakayosema.

Mama Njoroge alinisikiliza mikono ikiwa imekunjwa kifuani, nyuma ya kaunta. "Pimeni," akasema. "Pimeni maziwa, pimeni ng'ombe, mkimaliza mnipime na mimi."

Mama Chebet alinikaribisha chai kwenye jikoni lake jipya. Alikuwa amepata jiko la gesi na kabati, na kila kitu kilikuwa kinang'aa. "Mwalimu, watoto watajua nini juu ya mursik? Mimi nilifunzwa na mama yangu, na yeye na wake." Kisha akakoroga chai muda mrefu. "Lakini niambie ukweli, mimi pia silali vizuri. Huyo mwanamke alinishikia mtoto nilipokuwa hospitali. Pimeni."

Basi nikaazima laktomita kwa watu wa maziwa, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Maziwa yakiwa na maji, kinazama zaidi. Njoroge akakichukua kama mtu aliyeshika kombe la mpira, tayari kukitumbukiza. Chebet, kutoka dirishani, akauliza, "Tutajuaje hicho chenyewe hakidanganyi?"

Mikono yangu ilikuwa mfukoni. Niliibana huko.

"Aki Chebet, ni ya dukani!" Njoroge akalalamika. Lakini wengine walikuwa wameshalishika swali. Wakabishana mpaka wakakubaliana watumie kwanza maziwa ya ng'ombe wangu, ambayo nilikuwa nimeyakamua mwenyewe asubuhi hiyo, na hata hapo mmoja akataka kujua watajuaje mimi sikuongeza maji. Nikaapa. Wakasema kiapo si ushahidi, lakini kwa leo watavumilia. Wakayagawa mara mbili, upande mmoja wakaongeza maji ya bomba. Kwenye yale yenye maji, kipimo kikazama zaidi. Kwenye maziwa matupu, kikasimama juu. Sasa waliweza kukiamini.

Ndipo wakapima maziwa ya Mama Njoroge. Kikasimama juu.

Njoroge akapanda benchi. Akainua mikono. Chebet akamwangalia, akasema, "Hiyo ni ya leo. Alijua tunakuja."

Nilidhani watapigana. Lakini Njoroge, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu yule kijana, alishuka benchi, akafikiri, akasema, "Sawa. Basi tupime kila asubuhi. Ukija kuchukua maziwa, unapima mwenyewe. Mimi siguzi." Wiki nzima, kabla ya shule, Chebet alikuja dukani na kile kipimo ndani ya soksi safi ili kisivunjike. Mama Njoroge alikuwa akiweka ndoo chini na kugeuka kuangalia ukuta, ili isisemekane amemtisha mtoto. Kila asubuhi kipimo kilisimama juu.

Kwa hivyo si maji. Lakini mursik iliendelea kuharibika.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshajua jibu. Nilikuwa na hakika. Zamani Mama Chebet alichoma makaa yake kwa senetwet ya nyumbani kwao karibu na Turbo, na siku hizi alikuwa ananunua yaliyochomwa tayari sokoni. Ni makaa, nikajiambia. Amepewa ya mti mwingine. Nilikaribia kusema. Nashukuru sikusema, na mtaona ni kwa nini.

Watoto nao wakafikia makaa kwa njia yao. Mama Chebet akawapa vibuyu vidogo na sosiot, ule ufito wa mtende uliopondwa ncha kama brashi, ambao ndio unasugulia. Vingine wakavisugua kwa makaa ya Turbo, vingine kwa ya sokoni, vingine wakaviacha bila kitu. Maziwa ni ya Mama Njoroge, ya sufuria moja, yamechemshwa na kupoa pamoja. Wakafunga nyuzi za rangi shingoni, na maana ya kila rangi akabaki nayo mtoto mmoja tu, ili pua zetu zisipendelee. Nasema pua kwa sababu kwa klabu hatuonji. Hata kama ni sukari, hata kama umeitengeneza mwenyewe, hatuonji. Tunapunga mkono juu ya chombo na kuvuta harufu ije. Mwalimu anayeonja atazikwa na wanafunzi wake wakibeba maua.

Siku ya kufungua tukasimama kuzunguka meza. Uzi mwekundu: soksi. Uzi wa kijani: soksi. Wa bluu, wa njano, vyote. Kimoja kilipuliza kifuniko chake mpaka kwenye kinanda.

"Tumefeli," akasema Njoroge. Mwingine alikuwa tayari ameinua vibuyu kwenda kumwaga. Na mimi, na makaa yangu ya sokoni, nilikuwa nimefeli kuliko wote, ila hakuna aliyejua isipokuwa aproni.

"Ngojeni," nikasema. "Hili jaribio limetuambia nini?"

Mvua kwenye mabati. Halafu Njoroge, kwa shingo upande: "Kwamba si makaa."

"Na nini kingine?"

Chebet alikuwa ameinama juu ya meza. "Kitu kibaya kiko kwa vyote," akasema. "Vyote vina nini sawa?" Akahesabu kwa vidole: maziwa ni yaleyale, vibuyu ni vya nyumbani kwao, sosiot ni ya nyumbani kwao. Aliposema maziwa, nikaona uso wa Njoroge ukianguka. Maziwa yanaweza kukosa maji na bado yawe na shida nyingine. Alikuwa amerudi pale alipoanzia.

Chebet naye alimwona. Kisha akasema, "Tutoe vibuyu kwa kogo." Kogo ni nyanya yake, huko Turbo, na mursik ya kogo haikuwa na lawama. "Tuweke maziwa ya mama yako kwa vibuyu vya kogo. Ikiharibika, ni maziwa. Isipoharibika..." Hakumaliza. Njoroge akaitika kwa kichwa. Aliogopa, lakini akaitika.

Vibuyu vya kogo vilifika na sosiot yake, vimefungwa kwa leso, vyepesi kama maganda, vinanuka moshi. Wakatia maziwa ya Mama Njoroge. Tukangoja. Nawaambia, nimengoja matokeo ya mtihani wa kitaifa, nimengoja watoto wangu kuzaliwa, lakini kungoja vile vibuyu kulikuwa na uzito wake. Mke wa mchungaji alikuwa ananiuliza kila siku kama kuna habari, kwa maana kikundi cha akina mama kilikuwa kimeanza kugawanyika, wengine upande huu, wengine ule.

Tulipofungua, ilitoka nzuri. Nzito, laini, yenye harufu ya moshi na uchachu ule wa kukufanya umeze mate. Njoroge hakupanda benchi siku hiyo. Alikaa chini, akafunika uso kwa mikono, na Chebet akaenda akakaa kando yake.

Lakini sasa mpira ulikuwa kwa Chebet, maana kama si maziwa, ni kwao. Alirudi Jumamosi iliyofuata akiwa na jibu lake, na alilisema akiangalia meza. "Kwa kogo vibuyu vinakaa juu ya moto, kwa dari. Sosiot pia. Vinakauka kwa moshi usiku na mchana. Mama alikuwa anafanya hivyo. Tangu tupate gesi, hakuna moshi. Vinaoshwa vinawekwa kwa kabati, na sasa ni mvua. Niliingiza mkono ndani ya kimoja. Kina jasho."

Nilitaka kumkumbatia. Nikamuuliza, "Unajuaje ni hilo?"

"Sijui," akasema. "Tujaribu."

Wakachukua vibuyu vya mama yake, vyote vya kabati lilelile. Nusu wakaviacha hivyo hivyo. Nusu wakavianika kwenye jua kila lilipochungulia na kando ya jiko la makaa lilipojificha, mpaka vikawa vyepesi vikilia kama ngoma. Sosiot hali kadhalika: moja mbichi, nyingine kavu. Maziwa, Mama Njoroge. Makaa, yale ya sokoni niliyokuwa nimeyahukumu.

Siku ya mwisho watoto walitaka pua ambazo hazina upande, wakakosa, kwa hiyo wakachukua za pande zote mbili. Mama Chebet akaja na kilemba chake cha kanisa. Mama Njoroge akaja na akasimama karibu na mlango, kama mtu asiyetaka kukaa. Akina mama wengine wakajaa mabenchi. Njoroge ndiye aliyejua maana ya nyuzi, kwa hivyo wenzake wakamtoa nje asije akakonyeza mtu. Tukamsikia akitembea kwenye kokoto, huku na huku.

Mama Chebet alinusa cha kwanza akakunja uso. Cha pili, akakunja uso. Cha tatu, akasimama. Akanusa tena. Akakipitisha kwa Mama Njoroge bila kumwangalia, na Mama Njoroge akakipokea, akapunga mkono kama alivyoonyeshwa.

"Hiki ni kizuri," akasema Mama Njoroge.

"Wewe unajuaje?" akauliza Mama Chebet. "Wewe hunywi saruji."

Akina mama wakaangua kicheko, na Mama Njoroge akacheka akiwa bado ameshika kibuyu, mpaka ikabidi Chebet amshikie. Walipomaliza kupanga vizuri upande huu na vibaya upande ule, Njoroge akaitwa. Akaangalia nyuzi. Vizuri vyote vilikuwa vile vilivyokaushwa.

Mama Chebet akanyoosha kilemba chake. Kisha akasimama mbele ya wote, na hakutafuta maneno ya kuzungusha. "Mama Njoroge, nilikusema vibaya. Nilisema kwa watu, kwa hivyo narudisha mbele ya watu. Nisamehe."

"Ulikuwa unapoteza wateja," akasema Mama Njoroge. "Mimi ningesema mabaya zaidi." Akaja, wakashikana mikono, halafu wakaacha mikono wakakumbatiana.

Mke wa mchungaji, aliyependa mambo yamalizike kwa mpangilio, akainuka kuwashukuru watoto. Akasema klabu imetuonyesha kwamba tatizo ni vibuyu.

"Au sosiot," akasema Chebet.

"Ndiyo, au sosiot."

"Hapana, ninamaanisha hatujui ni gani." Akageuka kwa Njoroge, macho yamemtoka. "Tulikausha zote mbili pamoja. Tulibadilisha vitu viwili mara moja!"

"Wueh," akasema Njoroge.

Wote wakanitazama. Mimi nilikuwa nimeona kosa hilo tangu siku walipoanika, na nilikuwa nimeng'ang'ania mifuko nikingoja kama wataliona. Nikainua mabega.

Mama Chebet alikuwa tayari anafunga leso kukusanya vibuyu vyake. "Sikilizeni," akasema, "mimi nitakausha vyote, kibuyu na sosiot, na Jumatatu ninauza. Nyinyi bakini hapo mkitafuta." Akampa Mama Njoroge upande mmoja wa mzigo, yeye akashika mwingine, wakatoka wakizungumza juu ya bei ya majani ya ng'ombe. Ndani, watoto walikuwa wameshavuta meza katikati. Chebet alitaka kibuyu kikavu na sosiot mbichi. Njoroge alitaka kinyume chake. Walibishana kwa sauti kubwa hivi kwamba hakuna aliyenisikia nikiaga.